Uanagenzi Mombasa, kisha upasuaji: chuo au COSECSA? Na mikono niinoe vipi?

Bahari_Likoni: Assalam aleikum. Namaliza udaktari mwaka huu, na uanagenzi naomba niufanyie hapa Mombasa. Nataka kuwa mpasuaji. Nikipata leseni, nisomee uzamili chuoni au nifuate COSECSA (Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini)? Na mazoezi ya kushona nyumbani niyaanzeje?

Daktari_wa_Makadara: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Katika miezi 12 ya uanagenzi usiidharau zamu ya uzazi. Huko ndiko wengi hufungua tumbo kwa mara ya kwanza, kumtoa mtoto.

Njia zote mbili ni takriban miaka 5. COSECSA ni miwili ya uanachama (MCS), kisha mitatu ya tawi lako (FCS): upasuaji wa jumla, mifupa, mkojo na kadhalika. Unajifunzia kazini, kwa hiyo kabla ya kukubali ajira uliza: hospitali hii inatambuliwa kwa mafunzo? Yuko mpasuaji bingwa aliyekubali kunisimamia? Kimoja kikikosekana, utafanya kazi na miaka isihesabiwe.

Daftari la upasuaji lijaze jioni ileile, useme kama ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya peke yako. Ukilimbikiza miezi sita, mafaili hayaonekani na msimamizi keshahamishwa.

Uzi_na_Sindano: Kuhusu mikono, anza na kamba mbili za viatu zenye rangi tofauti, zifunge kwenye mguu wa kiti. Rangi zitakuonyesha kama fundo limelala bapa. Likikaa mshazari, umevuta upande mmoja mara mbili, na fundo hilo huteleza.

Kisha mwombe mchinjaji mguu wa mbuzi ambao ngozi haijababuliwa kwa moto; iliyobabuliwa huwa ngumu kama kiatu. Unyoe, uuchane sentimita 6, ushone kwa nailoni 3-0 (namba ya unene wa uzi). Sindano ishike theluthi mbili kutoka nchani. Ukiishika pale uzi ulipoingia, itapinda. Ichome wima, milimita 5 kutoka ukingoni, uzungushe kifundo cha mkono kufuata mpindo wake. Ukiisukuma moja kwa moja, mshono hupita juujuu na kingo hukunjamana ndani.

Usikaze sana! Kazi ni kukutanisha kingo. Ngozi ya mgonjwa ikigeuka nyeupe chini ya uzi, damu haipiti, na kidonda kitaachia. Sindano zilizotumika zitie kwenye kopo gumu, si pipa la jikoni.

Bahari_Likoni: Shukran sana. Nailoni yangu inalegea kabla sijafunga fundo la pili. Kosa ni nini?

Uzi_na_Sindano: Bila shaka unainua mikono juu. Zungusha uzi mara mbili katika fundo la kwanza, uvute kwa usawa wa ngozi, mikono ipishane. Yanayofuata mzunguko mmoja mmoja, ukibadili upande kila mara. Hariri hutosheka na mafundo 3. Nailoni ni telezi na hukumbuka mkunjo wake, ipe 5, na ncha uziache milimita 5 hivi.