Sura inatoka giza, bahari inatoka nyeupe: naomba msaada wa kupiga picha na simu

nahodha_mdogo
Asalaam aleikum wadau. Mimi niko Amu, yani Lamu, nafanya kazi na mjomba kwenye jahazi tunatembeza wageni, tunaenda Manda Toto, Takwa, alafu kuna ile safari ya jioni ya kuangalia jua likizama. Mjomba amenipa kazi ya picha, za kuweka kwenye ukurasa wetu wa Instagram na za kuwatumia wageni wakishaenda makwao, na wallahi kazi hii naipenda, nataka nijifunze kisawasawa mpaka siku moja mtu aniite anilipe kwa picha peke yake. Simu ni Android ya bei ya kati, ina lenzi ya kawaida na ile ya upana.

Sasa shida ni hii, mgeni akikaa tezi, kule nyuma ya chombo, na jua liko nyuma yake, sura inakuwa giza tupu. Nikigusa sura kwenye skrini basi sura inaonekana lakini bahari na mbingu zote zinaungua zinakuwa nyeupe pee. Ijumaa nikipiga wazee wakitoka msikitini, wamevaa kanzu zimepigwa pasi zinang'aa, kwenye picha kanzu zinatoka rangi ya jivu. Dada yangu nikimpiga picha kwa karibu akiwa amevaa buibui, buibui linatoka kama limepauka na uso unawaka. Mitaani nako nusu ya picha ni kivuli nusu ni moto. Wenzangu wanasema ninunue simu kubwa tu. Je shida ni simu ama ni namna ya kupiga? Naomba mnifafanulie, na kama kuna setingi mnazotumia niambieni.

mwana_wa_Shela
Kabla hujagusa setingi yoyote futa lenzi. Sisi tunaoshinda baharini kile kioo kinashika chumvi na mafuta ya vidole, picha inatoka kama kuna ukungu na taa zinatoa mikia. Puliza kwanza mchanga utoke, ndo ufute na kitambaa laini cha pamba, ukifuta na mchanga juu yake unachora kioo. Na simu hata ikiandikwa inazuia maji, vile vipimo hufanywa kwa maji matamu sio ya chumvi, ikirushiwa maji ya bahari ifute na kitambaa chenye maji matamu.

fundi_picha_Malindi
Mdogo wangu simu iache kama ilivyo, pesa weka. Maswali yako yote manne jibu lake ni moja na ukilielewa hili umevuka nusu ya safari.

Kamera haijui kanzu wala buibui wala bahari. Inachofanya ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwa vitu vilivyo mbele yake, alafu inakisia kwamba ukichanganya vyote wastani wake ni kijivu cha kati. Wapiga picha wa filamu walikuwa wakibeba kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, ndo kipimo chenyewe hicho. Sasa fikiria wazee wamejipanga na kanzu nyeupe na ukuta wa msikiti nyuma umepakwa chokaa, picha nzima nyeupe. Kamera inasema loo, mwanga umezidi hapa, inapunguza mpaka weupe ufike kwenye kijivu chake. Ndo jivu lako hilo. Buibui ni kinyume chake, fremu imejaa weusi, kamera inadhani kuna giza, inaongeza, buibui linapauka na uso wa dada unaungua. Na mgeni wako wa tezi, bahari na mbingu zimejaa fremu zinang'aa, kamera inawapunguzia hao, sura ambayo ni kitu kidogo pale kati inazama gizani. Simu za siku hizi zinatambua sura kwahiyo zinajitahidi kidogo, lakini mtu akigeuka ubavu ama akiwa mbali tunarudi palepale.

Kwahiyo wewe ndo unatakiwa uiambie. Gusa kitu unachotaka kionekane, itatokea alama ndogo ya jua ama mstari pembeni, vuta juu kuongeza mwanga, vuta chini kupunguza. Weupe mwingi kwenye fremu, ongeza. Weusi mwingi, punguza. Najua inaonekana kinyume, mtu anadhani kanzu inang'aa basi nipunguze, hapana, ongeza mpaka kanzu iwe nyeupe lakini mikunjo yake na ile kazi ya uzi shingoni bado ionekane, ikianza kupotea rudi kidogo. Na ukishapata kipimo, bonyeza ushikilie kidole palepale kwenye skrini, simu nyingi zinafunga fokasi na mwanga zisibadilike, upige hata picha kumi zote zifanane.

Lakini kwa mgeni wa tezi setingi peke yake haitoshi, manake jua la nyuma na sura ya kivulini zimeachana mbali sana kwa kamera yoyote, hata hizi zetu kubwa tunazofanyia harusi. Hapo hamisha mtu. Na wewe una kitu ambacho sisi wa studio tunanunua, una tanga! Tanga jeupe likipigwa na jua linarudisha mwanga laini, mkalishe mgeni uso wake ulielekee tanga uone sura itakavyofunguka. Jua likiwa nyuma ya tanga pia ni sawa, linapita kwenye kitambaa linakuwa pole, macho hayafinyi. Alafu mjomba akibisha, yani akienda kwa kukata pembe dhidi ya upepo, kila jahazi linapogeuka jua nalo linahama upande, yule aliyekuwa gizani sasa ana mwanga wa ubavu. Subiri hiyo zamu. Wewe unajua mjomba anageuza lini, mgeni hajui, tayarisha simu kabla.

Bi_Mkomani
Nimefurahi kijana wa kwetu kuuliza hivi. Mimi nitaongea ya mitaani manake napigia nyumba za wageni picha na milango ya nakshi.

Mwanangu, mji wetu umeangalia kisiwa cha Manda, yani mashariki, kwahiyo jua la asubuhi linaingia moja kwa moja usoni mwa mji. Ukitaka ile safu ya nyumba za ufuoni panda mashua baada ya alfajiri jua likichomoza, kuta zinakuwa rangi ya asali. Jioni usijisumbue na huo upande, jua liko nyuma ya nyumba unapata kivuli. Watu wanakuja na makamera saa kumi jioni wanalalamika mji umekuwa mweusi, mji haujawa mweusi, wamechelewa tu.

Mchana kutwa jua la kwetu ni la utosi, tuko karibu na ikweta, mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa linapita karibu juu ya kichwa kabisa, macho ya mtu yanakuwa mashimo. Saa hizo wewe ingia vichochoroni. Usipige pale nusu jua nusu kivuli, tafuta kichochoro ambacho mtu wako yuko kivulini mzima na ukuta wa mbele yake, ule unaomtazama, unapigwa na jua. Ule ukuta wa chokaa unamrudishia mwanga na hakuna taa ya duka inayoshinda huo. Chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, pia pazuri, mtu asimame karibu na mdomo wake sio katikati, nyuma yake panabaki giza na sura inatoka. Na kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, mtu akikaa barazani mlango uko nyuma yake, hapo huhitaji kitu kingine.

Milango sasa. Wengi wanasimama karibu wanainua simu juu kidogo, mlango unatoka kama unaanguka nyuma, juu mwembamba chini mpana. Shika simu usawa wa katikati ya mlango, wima kabisa usiiinamishe, washa ile mistari ya gridi kwenye setingi uitumie kunyoosha fremu. Usita, ile njia kuu ya ndani ya mji, wenyewe mwembamba huwezi kurudi nyuma, najua, utatamani ile lenzi ya upana, lakini ile inavuta vitu vya pembeni, mlango unaharibika umbo. Mimi huwa naomba kwa jirani wa mbele niingie kwenye daka lake nipige nikiwa ndani, unapata hatua mbili tatu zaidi. Na nakshi inataka mwanga wa ubavu, jua likija mbele moja kwa moja michoro inalala bapa, likikwaruza kutoka pembeni kila ua linasimama.

kijana_wa_Langoni
Mmesahau HDR. Washa HDR kaka, shida yako ya bahari nyeupe imekwisha, simu inapiga picha kadhaa za mwanga tofauti inaziunganisha.

fundi_picha_Malindi
HDR sawa kwa nyumba na mandhari, lakini kwa jahazi mimi nina wasiwasi nayo. Kwa vile inaunganisha picha zaidi ya moja, kitu kikitembea katikati kinaacha kivuli chake, na kwenye chombo kila kitu kinatembea, kamba, tanga, nywele za mgeni, na wewe mwenyewe umesimama juu ya maji. Hali ya usiku ndo zaidi, ile inakusanya mwanga kwa sekunde nzima ama zaidi, jahazini itakupa uji. Simu mpya zinajitahidi kurekebisha, sikatai, jaribu uangalie kamba za mlingoti zikitoka mbili mbili zima. Ukiwa na hali ya Pro, ile ya kuweka setingi mwenyewe, weka shata (muda kamera inaopokea mwanga) sekunde 1/500 ama kasi zaidi mchana, hata punda akikimbia ufuoni anaganda. Jua la kwetu mwanga upo tele, huna haja ya kuogopa kasi.

Na zumu ya kuvuta na vidole usitumie kama simu haina lenzi ya mbali, ile ni kukata picha tu. Sogea.

Bi_Mkomani
Nimerudi manake kuna jambo linanikaa moyoni. Hao wazee wa Ijumaa na dada zetu mitaani, omba kwanza. Mji huu watu wamechoka kupigwa picha kama milango. Toa salamu, kaa, sema mimi ni mtoto wa fulani napiga picha, naomba. Akikataa mwambie shukran uende zako. Wanawake usipige kabisa bila idhini hata kwa mbali, na watoto muulize mzazi. Wakati wa Maulidi pale msikiti wa Riyadha wageni wanasukuma simu mpaka kwenye nyuso za watu wanaosoma, wewe usiwe hivyo, wewe ni wa hapa. Na kwa vile picha zenu ni za biashara, kumbuka Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, sura ya mtu ni mali yake, kumuweka kwenye tangazo lazma akubali. Tena mtu aliyekubali anakupa sura tofauti, anatulia, anakuangalia. Picha zangu zote ninazozipenda ni za watu tuliokaa tukaongea kwanza.

nahodha_mdogo
Jazakallah kheir nyote. Leo nimemkalisha mgeni auangalie upande wa tanga kama fundi alivyosema, yaani sura imefunguka mpaka mjomba mwenyewe kaomba aone. Bi Mkomani nimekuelewa, nitafanya hivyo in sha Allah. Nina mawili bado. Jua likizama rangi ninazoziona na macho hazitoki, picha inatoka njano ya kuparara na jua ni shimo jeupe. La pili, wageni wanalalamika picha nikiwatumia WhatsApp zinafika mbaya.

fundi_picha_Malindi
La machweo, kanuni ileile. Gusa mbingu karibu na jua, sio jua lenyewe, alafu vuta chini mpaka rangi zirudi. Jahazi na watu watakuwa weusi na hapo ndo uzuri, kwahiyo tafuta umbo linalosomeka likiwa jeusi tupu, tanga la chombo kingine likiwa limejaa upepo, mtu amesimama omo, kule mbele ya chombo, ubavu. Watu waliokaa wamebanana wanakuwa donge tu. Na ile rangi ya njano ya kuparara angalia kama simu iko kwenye hali ya kurekebisha rangi yenyewe, inaona machungwa mengi inataka kuyapoza, kwenye Pro weka alama ya mawingu ama ya jua ibaki hapo. Fanya haraka manake kwetu jua halilali pembeni, linashuka wima, na likishazama giza linaingia upesi kuliko kule Ulaya wanakotoka wageni. Waambie wasiweke simu mfukoni likishazama tu, zile dakika chache kabla ya giza mbingu inageuka zambarau na sura za watu zinapata mwanga laini bila kivuli, hapo sasa geuza wageni waangalie lilipozama jua na uwapige.

mwana_wa_Shela
WhatsApp inabana picha. Usitume kama picha, bonyeza ile alama ya kuambatanisha uchague dokumenti, tafuta faili lenyewe, linafika kama lilivyo. Ama kabla ya kutuma gusa HD, inapunguza ubanaji ingawa sio kama dokumenti. Ukitaka kuzirekebisha kidogo kwanza, Snapseed ni ya bure, ina sehemu ya kuinua vivuli na ya kunyoosha mlango uliopinda. Rangi usizidishe, maji ya Manda ni mazuri tayari. Zile asili weka nakala mahali pengine kila jioni ukirudi, simu ikianguka majini huna kitu.