Naanza kuzamia kwa kubana pumzi, nifanye mazoezi gani?

Mvubi_Entebbe
Salamu wakubwa. Nina miaka 31, kuogelea najua tangu utotoni. Desemba nakwenda Pemba kwa shemeji, nataka kuzamia bila mtungi. Kila jioni naingia bwawani peke yangu, napumua haraka haraka mara ishirini, kisha nazama. Nimefika dakika 1 na sekunde 40. Ila juzi nilipoibuka niliona giza, midomo ikafa ganzi. Nikizidisha mbio na pushapu itasaidia? Naomba ratiba.

Mstaafu wa Ziwani
Mdogo wangu, ratiba baadaye. Kwanza acha kuingia majini peke yako, leo hii. Nimefanya kazi ya uokoaji, na niliowatoa majini wengine walikuwa waogeleaji hodari. Kinachokusukuma uvute hewa ni kabonidioksaidi kujaa mwilini, si oksijeni kupungua. Ukipumua haraka haraka unaitoa ile kabonidioksaidi, basi unajiona mzima huku oksijeni inakwisha, na unaweza kuzimia bila dalili. Hilo giza uliloona lilikuwa kuzimia, tayari mlangoni pako. Pumua polepole kwa tumbo, vuta pumzi moja ya mwisho, uzame. Mmoja akiwa chini, mwenzake yuko juu anamtazama, na akiibuka aendelee kumtazama sekunde 30.

Bint Pemba (Kampala)
Kaka, mzee amesema kweli. Mazoezi ya pumzi fanyia kitandani. Bana sekunde 50, pumzika dakika 2. Bana tena 50, safari hii pumzika dakika 1 na sekunde 45. Kila mapumziko punguza sekunde 15, mpaka ubane mara nane. Siku mbili au tatu kwa wiki zatosha.

Pushapu sizipingi, lakini misuli ya kifua haikupeleki chini. Kinachokupeleka ni miguu: panda ngazi, chuchumaa na kuinuka, na ukivaa mapezi piga kutoka nyongani, usikunje goti kama mwendesha baiskeli. Nyoosha mbavu kila asubuhi, mkono juu, ujipinde upande, taratibu.

Halafu masikio, hapo ndipo wanaoanza wengi hukwama. Bana pua, sukuma hewa kwa ulimi, kila mita, kabla hujasikia maumivu. Ukiwa na mafua, usizame.

Nyabo Jinja
Usijaribie Ziwa Victoria kabla ya safari. Kichocho kipo, na maji ni machafu, mwenzako hatakuona. Tena huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari: shinikizo linakuwa maradufu ya lile la juu ya maji ukizama mita 9 hivi, Pemba ni mita 10. Na kwenye maji ya chumvi utaelea zaidi, kwa hiyo vile vipande vizito vya risasi vya mkandani, vya kukusaidia kuzama, hesabu upya ukifika.

Mvubi_Entebbe
Asanteni sana, bwawa nimeacha. Jana nimefanya kitandani, mke wangu ameshika saa. Raundi ya sita nilishindwa. Niendelee na 50?

Bint Pemba (Kampala)
Shuka hadi 40. Ukimaliza zote nane wiki nzima, ongeza 5. Na huyo shemeji mwambie mapema kwamba yeye ndiye atakayekutazama.