Tangazo la kukataza bastola mlangoni mwa jengo la maduka: liandikweje, na lina nguvu gani?

Msimamizi wa Kabwe (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia jengo la maduka la ghorofa mbili hapa Mbeya, jirani na Kabwe, na kuna jambo ambalo nimeshindwa kuliamua peke yangu. Baadhi ya wateja wetu ni wanunuzi wa dhahabu wa Chunya na wafanyabiashara wa Tunduma wanaotembea na fedha taslimu, na wachache kati yao wanamiliki bastola kwa leseni halali. Miezi hii ya Juni na Julai, ambapo mji mzima umevaa makoti mazito, mlinzi hawezi kujua nani amechomeka nini kiunoni. Wiki iliyopita mteja mmoja alivua koti akiwa kwenye foleni ya malipo, bastola ikaonekana, na akina mama waliokuwa nyuma yake wakaacha vikapu na kutoka mbio. Alionyesha leseni bila ubishi, lakini biashara ya siku ile iliishia hapo.

Mdogo wangu anayeishi Texas amenitumia picha ya mlango wa moli ya huko, wenye tangazo refu la lugha mbili linalotaja vifungu vya sheria kwa namba. Nikibandika la namna hiyo hapa, litambana mtu? Na kwa nini la kwao ni refu kiasi kile?

Mwana Rungwe ughaibuni

Kaka, nimeishi Houston miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu upande wa huku. Urefu wa tangazo unatokana na sheria ya jinai ya Texas, ambayo imetaja maneno yenyewe yanayopaswa kuandikwa. Kifungu cha 30.06 kinamhusu mwenye leseni anayebeba bastola iliyofichwa, na cha 30.07 kinamhusu anayeibeba waziwazi, jambo ambalo wenye leseni waliruhusiwa kuanzia Januari 1, 2016. Maandishi yanatakiwa kuwa ya Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zenye kimo kisichopungua inchi moja, yaani kama sentimita mbili na nusu, kwa rangi inayotofautiana na ya nyuma yake, tena mahali ambapo kila anayeingia ataona. Moli inayotaka kukataza namna zote mbili hubandika matangazo mawili, na tangu Septemba 2021, watu wengi waliporuhusiwa kubeba bila leseni, baadhi huongeza la tatu. Ndiyo maana milango mingine imejaa karatasi kama ubao wa ofisi ya kata.

Anayelipita tangazo lililo sahihi anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa kwa mdomo aondoke akakataa, kosa hupanda daraja na linaweza kumfikisha jela hadi mwaka mmoja. Kwa hiyo hata huku, kauli ya mtu ina uzito kuliko karatasi.

Usidhani Marekani yote iko hivyo. Illinois, kwa sheria yao ya 2013, wanatumia picha ndogo ya inchi nne kwa sita: bastola nyeusi ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari. Indiana, tangazo peke yake halimfanyi mtu kuwa mkosaji. Ni mpaka aambiwe atoke naye agome. Huko Indiana, Julai 2022, moli ya Greenwood ilikuwa na kanuni ya kukataza silaha, na bado mnunuzi mmoja aliyekuwa na bastola ndiye aliyempiga risasi mshambuliaji ambaye tayari alikuwa ameua watu watatu. Wanabishana juu ya tukio hilo mpaka leo.

Mlinzi Mstaafu (Iringa)

Kamwene. Namba hizo za Texas usizinakili hata moja, kwa sababu hapa zitakuwa mapambo. Silaha zetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kupitia polisi. Tangazo lako wewe ni sharti la mwenye nyumba kwa mgeni wake. Mgeni akilikataa unamwomba atoke, na akigoma unawaita polisi. Mlinzi wako asithubutu kumpapasa mtu kiunoni wala kumnyang'anya.

Ukaguzi wa mlangoni ulizidi kuzoeleka katika miji ya Afrika Mashariki baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013, lakini kifaa cha kukagulia chuma kinakwambia tu kwamba kuna chuma. Shida huanza baada ya kulia. Nimewahi kuona mlinzi akipokea bastola ya mteja na kuifungia kwenye droo ya meza pamoja na daftari la wageni! Leseni ile ilikuwa ya mteja. Mlinzi hakuwa na idhini yoyote ya kuishika.

Kwa hiyo weka tangazo kwenye lango la kuegeshea magari, kabla mtu hajashuka, maana anayelisoma akiwa tayari kwenye kioo cha mlango hana pa kwenda nayo zaidi ya kuiacha ndani ya gari, na magari yanavunjwa. Liwe la Kiswahili, fupi, lenye picha. Na mfundishe mlinzi kumsalimu mtu kwanza, kisha amvute pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini.

Mkulima wa Kahawa (Mbozi)

Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia. Nikitoka benki na malipo ya wakulima, siwezi kuiacha garini wala nyumbani. Ukinikataza nitanunua kwingine, wala sitakulaumu, ila ujue hesabu hiyo.

Msimamizi wa Kabwe (Mbeya)

Ahsanteni. Mzee wa Iringa, la droo limenishtua, kwa kuwa letu lilikuwa linaelekea huko huko. Tangazo nitaliweka langoni kwa Kiswahili pamoja na picha. Ndugu wa Mbozi, wenye maduka wawili wamekubali kuwahudumia wateja wa namna yako kwa simu, mzigo ukaletwa hadi kwenye gari. Sijui kama hilo litakutosha.