Matokeo ya vipimo vya Baba yananichanganya: nifuate namba ipi?

Binti wa Kisosora

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari zenu. Namuuguza Baba, mwenye umri wa miaka 71, ambaye mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa ya nyonga. Anachomwa sindano ya kuzuia homoni za kiume kila baada ya miezi mitatu, na faili lake nimekabidhiwa mimi kwa sababu kaka zangu wako mbali na Mama haoni maandishi madogo.

Nimenunua kaunta buku, na kila majibu yanapotoka nabandika karatasi kwa gundi na kuandika tarehe pembeni. PSA yake, yaani kile kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, ilianzia 186. Baada ya miezi mitatu ikawa 21, baada ya sita 4.9, nasi tukamshukuru Mungu. Baada ya miezi tisa tulipima hapa Tanga, ikaja 5.3. Juzi tulikuwa Dar es Salaam kwa shughuli ya kifamilia, na kwa kuwa muda wa kupima ulikuwa umefika tukapima huko huko, ikaja 7.4. Karatasi hiyo hiyo inaonyesha kreatinini, kipimo cha figo, 124, ilhali mara ya mwisho ilikuwa 1.4, na pembeni ya ALP wameweka nyota.

Kliniki ni baada ya wiki tatu. Je, dawa imeshindwa? Na figo ndiyo zimekwisha? Baba mwenyewe anakula na anatembea hadi msikitini, na kila asubuhi ananiuliza majibu yalisemaje, nami nazungusha maneno.

Fundi wa Maabara

Dada, pole kwa kuuguza. Nianze na kreatinini, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokunyima usingizi bure. Tazama kipimio kilichoandikwa mbele ya namba: bila shaka karatasi ya Tanga imeandikwa mg/dL na ya Dar es Salaam µmol/L. Zidisha 1.4 kwa 88.4 utapata karibu 124. Figo za mzee ziko pale pale zilipokuwa. Kilichobadilika ni lugha ya maabara.

PSA nayo ina jambo lake. Mashine za kampuni tofauti hutumia kemikali tofauti kuikamata, kwa hiyo damu ya mtu mmoja, iliyotolewa siku moja, inaweza kutoa namba mbili zisizolingana katika maabara mbili, na hakuna aliyekosea. Ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye matibabu hushauriwa kupima mahali pamoja kila mara. Hiyo 5.3 na hiyo 7.4 usiziunganishe kwa mstari mmoja kama vituo vya daladala.

Isitoshe, hata zingetoka mashine moja, daktari hatamki kwamba ugonjwa umeanza tena kwa kipimo kimoja. Kigezo kinachotumika sana ni PSA kupanda kwa angalau asilimia 25 juu ya namba ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa, na kupanda huko kuwe angalau 2, kisha kithibitishwe na kipimo kingine baada ya wiki tatu au zaidi. Kwa hesabu hiyo 7.4 haipuuzwi, lakini bado ni swali, si jibu.

Kuhusu nyota ya ALP: maana yake ni kwamba namba iko nje ya kiwango cha watu wenye afya. ALP ni kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, nacho hutoka kwenye ini na kwenye mifupa pia, kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa wa mifupa kuwekewa nyota si ajabu. Angalia inaelekea wapi ukilinganisha na za nyuma.

Mama Nuru, Moshi

Mdogo wangu, mimi nilimuuguza marehemu mume wangu kwa miaka minne na kaunta buku kama lako. Kilichonisaidia zaidi ni kuandika mambo ambayo karatasi ya maabara haiyajui: tarehe halisi ya sindano (si ile ya kadi, kwa sababu kuna mara tuliikosa dawa tukachelewa), homa, UTI, na siku aliyobadilishiwa mpira wa mkojo. Maambukizi ya mkojo na kuchokonoa njia ya mkojo vinaweza kuipandisha PSA kwa wiki kadhaa. Sindano ikichelewa, homoni ya kiume inaweza kurudi, na hapo PSA inapanda si kwa sababu dawa imeshindwa bali kwa sababu haikuwemo mwilini. Mwombe daktari apime homoni hiyo, yaani testosteroni, pamoja na PSA. Inatakiwa iwe chini ya 50 kwa ng/dL, ambayo ni 1.7 kwa nmol/L.

Na umwambie Baba namba zake. Wangu aligundua nilimficha moja, akaacha kabisa kunieleza maumivu yake.

Mzee wa Nyonga

Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mgonjwa, wa ugonjwa huo huo, mwaka wa tano sasa. Nakubaliana na wenzangu, ila nawaongezea upande mwingine: PSA yangu ilikuwa 1.2, nyumbani wanashangilia, nami mgongo ulikuwa ukiniuma usiku kiasi cha kulala nimekaa kitini. Nikanyamaza kwa kuwa namba ilikuwa nzuri. Wiki ya pili miguu ikaanza kufa ganzi, nikashindwa kupanda ngazi mbili za barazani. Picha ilionyesha uti wa mgongo unabanwa, nikapigwa mionzi haraka, na leo natembea kwa mkongojo. Maumivu mapya ya mgongo, miguu kulegea, au mkojo na choo kuziba ghafla au kutoka bila kujijua, hayo hayasubiri kliniki ya wiki tatu. Ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, PSA iwe ngapi. Kwa hiyo katika daftari lako acha safu moja ya kuandika anavyojisikia, tena kwa maneno yake mwenyewe.

Binti wa Kisosora

Ahsanteni sana. Nimefungua karatasi zote mbili juu ya meza na vipimio ni kama alivyosema Fundi. Halafu nikamuuliza Mama kuhusu mpira. Baba alizibwa mkojo tukiwa Dar es Salaam, akawekewa mpira katika zahanati ya jirani, na damu ilitolewa siku nne baadaye. Wote wawili hawakuona haja ya kunieleza. Nimempigia muuguzi wa kliniki, amesema apimwe mkojo kesho, na PSA irudiwe hapa Tanga baada ya wiki sita pamoja na testosteroni. Jioni hii nimekaa na Baba nikamsomea ukurasa mzima. Alisikiliza, akaomba miwani, akataka kuona 186 imeandikwa wapi.