Mnaokodisha kayaki Tanga, mtakuja kuua watu

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo tangu turudi, leo naitoa.

Kuna jamaa hapa Tanga anakodisha kayaki na mahema. Simtaji, mwenyewe anajijua. Mimi na mwenzangu tulipanga kutoka Raskazone, tushuke kusini na upepo wa kaskazi, tulale Kigombe, kisha tuvuke mlango wa mto Pangani mpaka Ushongo. Tukamuuliza kuhusu Maziwe, kile kisiwa kidogo cha mchanga mbele ya Ushongo. Akajibu bila hata kufikiri: "Kalaleni kule kule, mchanga mweupe, mko peke yenu."

Kulala Maziwe, tena siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote! Zamani pale palikuwa na miti, bahari ikaila yote, sasa limebaki fungu la mchanga. Mwezi ukiwa mpevu na maji yakijaa, linazama. Hata mayai ya kasa yanayotagwa pale watu huyahamishia Ushongo, kwa sababu yakiachwa maji yanayaharibu. Yaani yai la kasa lihamishwe, binadamu aambiwe akalale! Na bamvua pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, ya jioni na ya usiku. Saa kumi usiku mmelala fofofo, maji yanaingia hemani, nchi kavu iko mbali. Mnakimbilia wapi?

Waliotunusuru ni wavuvi wa Kigombe. Mzee mmoja alikuwa anakalafati mashua yake, aliposikia Maziwe akaweka nyundo chini. "Wanangu, nani kawatuma? Usiku wa leo pale hapana kisiwa."

Sasa njooni kwenye vifaa. Mfuniko wa stoo ya nyuma kwenye kayaki ya mwenzangu, mpira wake ulikuwa umekatika, ukapachikwa kwa gundi ya viatu. Kayaki ikiwa nchi kavu huoni kasoro. Tulipofika mbele ya mto Pangani maji yanapwa, mto unatoka, upepo unaingia, mawimbi yakasimama mafupi mafupi. Maji yakaingia stoo, nyuma ya kayaki yake ikaanza kudidimia, haigeuki, ikampindua. Naye kashikilia kafi, jaketi la kuokolea maisha limempanda mpaka masikioni, kishikizo cha kiunoni kimefyatuka chenyewe. Nilimpa kamba nikamvuta huku mikono inakufa ganzi, mpaka watu wa mashua walipotuona. Mungu awalipe.

Tukampigia mwenye mali. Hakuuliza kama tuko wazima! Akasema tumetumia vibaya chombo chake, na pesa yetu ya dhamana anaishikilia mpaka tulipie mfuniko. Mfuniko aliougundisha mwenyewe!

Nataka dhamana yetu irudi yote, na zile kayaki zitolewe baharini kabla mtoto wa mtu hajafa. Na wewe uliyelipia kwake kwa ajili ya wikiendi hii, kabla hujapakia chochote vuta ule mpira wa mfuniko kwa kidole. Ukibanduka, mrudishie hapo hapo, udai hela yako.