Mafundi rangi na ukarabati wa nyumba: yaliyokukuta ni yapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nakarabati nyumba ya zamani Tabata, Dar es Salaam, vyumba vitatu na sebule. Umeme tumesuka upya, dari ya jipsamu tayari, vigae tayari, imebaki rangi. Mafundi watatu wamekuja kuangalia, na bei zao ni mbingu na ardhi: wa kwanza shilingi 350,000 ya ufundi, wa pili 600,000, wa tatu 1,500,000, tena huyo anataka siku 12. Siku 12 kupaka rangi? Mliopita huko nisaidieni kabla sijatoa advansi.

Mzee wa Mikocheni:
Huyo wa siku 12 usimfukuze haraka. Mwaka 2019 nilimpa kazi kijana, akamaliza nyumba nzima kwa siku 4, nikamsifia mtaa mzima. Masika iliyofuata ukuta wa korido ukavimba malengelenge kuanzia chini hadi kimo cha goti. Ukibonyeza, unga mweupe unamwagika. Nikamwita, akapiga msasa, akapaka tena bure. Miezi mitatu tu, yale yale.

Jirani akanipa fundi mwingine, mzee mkimya. Hakufungua hata begi lake. Aliomba kijiko, akawa anagonga ukuta taratibu kutoka juu kushuka chini, sikio kalitega. Juu ulilia mzito, chini ukalia kama debe tupu. Akauliza, "Bafu liko upande wa pili?" Liko. "Basi mwite fundi bomba kwanza, mimi nitarudi." Yaani pesa ninayo mkononi, yeye anakataa kazi! Kweli, kiungio cha bomba kilikuwa kinavuja ndani kwa ndani. Tukabadilisha bomba, tukabandua plasta iliyoachia, tukapiga mpya. Nikadhani tumemaliza, mzee akagoma tena: plasta ikae wiki 4, kwani ikiwa mbichi magadi ya saruji huila rangi. Nilinuna, sikatai. Alipoanza, siku 3 zilikwenda kwa kukwangua, kuziba nyufa na kusugua msasa. Rola aliishika siku ya nne. Masika ngapi zimepita, korido iko vilevile.

Mama Mapacha, Moshi:
Mimi niliumizwa kwenye hesabu. Fundi aliandika ndoo 5 za lita 20 kwa vyumba vinne. Binti yangu wa kidato cha pili akachukua kalamu: chumba cha mita 4 kwa 3, kuta mita 3 kwenda juu, toa mlango na dirisha, zinabaki mita za mraba 38 hivi. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, 76. Lita 1 kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10. Chumba kinakula lita 8, vinne havimalizi ndoo 2! Hizo tatu zilikuwa zinaenda kupaka nyumba ya nani? Ukuta wa plasta tupu ambao haujapigwa skimingi (ule upako mwembamba wa kulainisha ukuta) unanyonya zaidi, sawa, lakini si kiasi hicho. Siku hizi rangi nanunua mwenyewe na makopo matupu nayahesabu jioni.

Msafiri wa Muscat:
Assalaam alaykum. Nyumba ya marehemu bibi ipo Mji Mkongwe, Unguja. Mimi nikiwa huku nilituma pesa, nikaagiza rangi ya plastiki ya bei kubwa, nikijiona nimeitendea haki. Kuta zile ni mawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Nilipozivisha plastiki unyevu ukakosa pa kutokea, basi rangi ikadondoka mabamba mabamba pamoja na plasta. Fundi aliyekuja baadaye alikwangua yote akarudisha chokaa. Nimelipa mara mbili, na shangazi, aliyenionya tangu mwanzo, hajanisamehe.

Kijana wa Nairobi:
Yangu ni fupi. Rangi ilichanganywa dukani kwa mashine, ikaisha ukutani katikati. Nikarudi kununua kopo lingine, jina lile lile, namba ile ile. Sebule yangu hadi leo ina mstari, asubuhi jua likiingia unauona kabisa. Changanya yote ndani ya ndoo moja kabla ya kuanza.

Fundi Brashi:
Naomba na sisi tusikilizwe. Mimi ni fundi rangi, na aliyesema 350,000 simtetei. Lakini mteja ananiita tarehe 10 Desemba, anataka Krismasi ale pilau ndani. Nikisema ukuta haujakauka, anaita mwingine. Nikimaliza, anamleta fundi umeme achimbe ukuta aongeze soketi, halafu ananipigia simu kwamba rangi yangu ina viraka! Mleta mada, waulize wote watatu swali moja: watafanya nini kabla ya kufungua kopo? Nadhani bei zao zimeachana hapo. Wa siku 12 huenda kahesabu kukwangua, skimingi, msasa, praima (rangi ya msingi inayotangulia), mikono miwili na muda wa kukauka. Na kama kuna rangi ya mafuta ya zamani, usiruhusu isuguliwe msasa mkavu watoto wakiwa ndani, nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Isuguliwe ikiwa imeloweshwa. Advansi mpe kidogo, nyingine kwa hatua. Mimi mwenyewe nikipewa yote mapema, mwili unakuwa mzito.

Mleta mada:
Fundi Brashi umenichekesha, asante kwa ukweli. Nimewapigia. Wa 350,000 kajibu, "Bosi, tunapiga tu." Wa 600,000 hajapokea. Wa tatu alianza kueleza mpaka salio langu likakata.

Mzee wa Mikocheni, nimechukua kijiko nimezunguka kuta zote usiku huu. Vyumbani salama. Sebuleni, chini ya dirisha, ukuta unalia kama debe tupu. Mke wangu amesimama mlangoni ananiuliza natafuta nini.