Uzi wa malalamiko: Battlefield 2042 ya PS4 mnayotuuzia Arusha na Moshi siyo ile iliyopewa alama

Wakuu, uzi huu unawahusu wauza diski wa Arusha na Moshi, ila zaidi unawahusu nyie wenye kurasa za gemu za Bongo. Mnaokota alama za wakosoaji wa Ulaya na Marekani, mnazipamba kwenye picha kali, halafu hamsemi zilitolewa kwa mashine gani wala mwaka gani. Mtu wa Ngarenaro anaona 68 kwa 100, anasema si mbaya, anatoa hela yake kununua kitu kingine kabisa.

Battlefield 2042, gemu ya vita inayochezwa mtandaoni, ilitoka Novemba 19, 2021. Ile 68 ya Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji, ni ya toleo la PC. Kwenye PC, PS5 na Xbox Series, mechi moja inabeba wachezaji 128. PS4 na Xbox One mwisho ni 64, na ramani zimepunguzwa ziendane na idadi hiyo. PS5 inakimbia kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kila sekunde, PS4 kwa 30. Nusu ya watu, nusu ya fremu, halafu alama mnabandika ile ile. Uhuni mtupu.

Kuna wanaosema fremu ni mbwembwe za matajiri. Kwa fremu 60 picha inabadilika kila milisekunde 17 hivi. Kwa 30 ni kila milisekunde 33. Peke yake unaweza kuivumilia. Sasa ongeza mtandao. Data ya mchezaji wa Sakina inashuka Dar, inaingia mkongo wa baharini, inapita Bahari ya Shamu mpaka Ulaya. Kwa seva ya Ujerumani weka kama kilomita 10,000 za nyuzi. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla hujagusa ruta, mnara na msongamano wa saa mbili usiku. Hakuna bando, liwe la bei gani, linaloishusha hiyo 100.

Matokeo yake yanaonekana ndani ya mechi, tuseme mlangoni mwa ghala. Unapita mbio, unafika nyuma ya ukuta, unakufa ukiwa umeshajificha. Pedi haina kosa na adui si lazima awe anatumia programu ya wizi. Seva inahukumu kwa kile alichokiona adui kwenye kioo chake, na kwenye kioo chake wewe bado uko mlangoni. Mkosoaji aliyekaa jirani na seva hili halimkuti kwa ukali huu, kwa hiyo haliandiki. Simlaumu. Nawalaumu nyie mnaomnakili bila kuongeza hata sentensi moja kwa msomaji wa huku.

Haki ya PS4 niiseme pia: wachezaji wake wanakutanishwa na wa Xbox One tu, kwa hiyo hutapambana na mtu wa PC mwenye kipanya. Ila bwawa la wachezaji linakuwa dogo, na mechi isipojaa seva inaingiza boti, yaani askari wanaoendeshwa na kompyuta. Unadhani umeua watu saba, kumbe watano ni kompyuta.

Na mwaka ule wakosoaji walilalamikia nini? Hakukuwa na hadithi ya kucheza peke yako. Hakukuwa na ubao kamili wa matokeo, ule wa kuonyesha kila mtu kaua wangapi na kafa mara ngapi. Hakukuwa na sauti ya kuongea na kikosi ndani ya gemu, kwenye gemu ya vikosi! Vile vyombo vya kuelea (hovercraft) vilikuwa vinapanda maghorofa kama mjusi. Risasi zilitawanyika hata ukilenga vizuri. Kubwa kuliko yote, walifuta majukumu manne ya askari yaliyoibeba Battlefield miaka mingi wakaleta askari maalumu wenye majina, kila mmoja na kifaa chake, na yeyote anabeba silaha yoyote. Hapo kazi ya pamoja ikafa: mtu wa kutibu wenzake akichukua bunduki ya kudungulia, anapanda juu ya kontena na hashuki kutibu mtu. Wanunuzi wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, waliichana vibaya kuliko wakosoaji, na walikuwa sahihi.

Lakini hiyo ni 2021. Ubao wa matokeo ulirudi Machi 2022, sauti ikaja Aprili, majukumu manne yakarudishwa Januari 2023. Kwa hiyo ukibandika alama ya 2021 kwenye diski ya leo umekosea mara mbili, mashine na mwaka. Anayeisifia leo na anayeiponda kwa mambo ya 2021 wote wanabishana kuhusu gemu mbili tofauti.

Na maboresho hayo hayamo kwenye diski. Lazima uyapakue, maana bila intaneti 2042 huchezi hata dhidi ya boti. Hili ndilo wauzaji mnalolificha. Mtu wa Pasua ananunua diski, anafika nyumbani PS4 haijaunganishwa na kitu, basi amenunua kasha la bluu.

Anayetaka kuinunua pamoja na yote haya ajue mambo yalivyo. PS4 ya GB 500 inakuachia kama GB 400 za kutumia. Inapoweka sasisho mara nyingi inalinakili faili la gemu zima upya, kwa hiyo gemu ya GB 80 ikiletewa kiraka cha GB 5 inaweza kudai nafasi ya GB 85 na zaidi, ndiyo maana unaambiwa hifadhi ya mashine imejaa wakati unaona nafasi ipo. Diski ya nje ya USB 3.0 inakubalika kuanzia GB 250. Zile PS4 nene za mwanzo zinashika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, ambayo kwenye nyumba za kupanga inagombaniwa na kila ruta ya jirani. Vuta waya wa mtandao wa Cat5e kutoka kwenye ruta. Kucheza na watu kunataka PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa PlayStation, kwa hiyo wengi wana akaunti ya Marekani au nchi nyingine. Kadi ya PS Plus lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Kadi ya Uingereza kwenye akaunti ya Marekani ni hela imezama, na muuzaji hairudishi.

Duka likikataa kuwasha diski kwenye mashine yenye intaneti mpaka uone imeingia mechi, ondoka na hela yako.

NYONGEZA: Mkuu wa hapo juu anauliza kama alama ya Call of Duty: Modern Warfare III ya 2023 nayo inapotosha. Ugonjwa ule ule. Ilipata 56 kwenye PS5, na kipigo kikubwa kilikuwa cha hadithi yake fupi. Upande wa mtandaoni, wenye ramani 16 za Modern Warfare 2 ya 2009, ulisemwa vizuri zaidi. Kama hutagusa hadithi, 56 haikuhusu sana.

Na nyie mnaouza PC za mtumba za ofisini mkiandika "inacheza Battlefield 6", acheni. Ilitoka Oktoba 10, 2025, haipo kabisa kwenye PS4, na kwa PC inadai RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya daraja la RTX 2060 kwa uchache; pawasapulai ya ofisini ya wati 240 kadi hiyo haiiwezi. Pia inataka Secure Boot, ulinzi wa kuwasha kompyuta unaohitaji mfumo wa UEFI badala ya ule wa zamani wa Legacy. Mnunuzi abonyeze Windows na R, aandike msinfo32, aangalie BIOS Mode. Ikisoma Legacy, abadili kwanza mpangilio wa diski yenye Windows kwa programu ya mbr2gpt ndipo aingie BIOS, mipangilio ya kuwasha mashine, kuweka UEFI. Akigeuza mfuatano huo Windows haiwaki, na atakurudia wewe dukani.